Kijana kafungwa waya za meno, Januari anaenda bweni. Nimfundishe nini kabla hajaondoka?

Mama Kefa | Desemba 28, saa 3:12 usiku

Wakuu, habari za sikukuu. Naomba mawazo yenu, hasa wazazi mliokwisha kupita njia hii.

Kifungua mimba wangu ana miaka 13, kamaliza la saba mwaka huu. Meno ya juu yalimpanda vibaya, chonge moja imeota juu kabisa kwenye fizi, inamchana mdomo kwa ndani mpaka vidonda. Mtihani ulipoisha tukampeleka, akafungwa waya mwezi wa kumi. Daktari kasema atakaa nazo kama miaka miwili, na kila baada ya wiki 6 arudi kukazwa. Bima walikataa, wakasema huo ni urembo, kwa hiyo nalipa mwenyewe kwa awamu. Hilo nimeshalimeza.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba kapata bweni Morogoro, na mimi niko Tabata. Hapa nyumbani kila usiku nasimama mlangoni kwa bafu mpaka amalize kupiga mswaki. Pamoja na ulinzi wote huo, juzi nimemmulika kwa tochi ya simu nikakuta mchicha wa mchana umening'inia kwenye waya kama nguo kwenye seng'enge. Fizi za mbele chini zimevimba, akizigusa na mswaki zinatoa damu, basi pale anaparuka. Sasa huko kengele saa 11 alfajiri, bomba moja watu mia, makande kila siku ya Mungu. Nani atamsimamia?

Baba yake anasema zitolewe, arudishiwe akimaliza fomu foo. Mimi roho inakataa. Nimebakiwa na kama wiki mbili. Nimfundishe nini, na kwenye tranka nimtilie nini?

Nawasilisha.

Chuma cha Reli | Desemba 28, saa 3:40 usiku

Bweni na waya mdomoni? Mama umejitafutia. Sisi tumesoma na meno yetu yaliyopandana na wake tumepata. Kwetu mwenye mwanya ndiye mzuri.

Mama Kefa | Desemba 28, saa 3:51 usiku

Mwanya sina neno nao kaka, hata mimi ninao na ndio ulionipatia baba Kefa. Nazungumzia chonge inayotoboa mdomo.

Kijana wa Keko | Desemba 28, saa 4:05 usiku

Kuna dada ana saluni anafunga breisi za rangi kwa bei ya kawaida tu, mtoto akichoka unambandua mwenyewe nyumbani. Ya nini kuteseka na mahospitali?

Tabibu wa Meno | Desemba 28, saa 4:31 usiku

Kijana wa Keko, ungeufuta huo ushauri kabla mtu hajaufuata. Jino halisukumwi kama kabati. Linasogea kwa sababu nguvu ndogo iliyopimwa inalegeza mfupa upande mmoja, na mfupa mpya unajengwa upande wa pili. Ndio maana inachukua miaka. Asiyejua kupima nguvu hiyo anaweza kulegeza jino zima au kulifupisha mzizi, na mzizi ukifupika haurefuki tena. Na zile za saluni zinazogandishwa kwa gundi ya dukani, siku ya kubandua zinaweza kuondoka na ganda la jino.

Mama Kefa, kesho nikitoka zamu nitakuandikia kwa kirefu. Kwa usiku huu shika moja: pale panapotoa damu ndipo pa kupiga mswaki zaidi. Damu ile haitoki kwa sababu mswaki umemuumiza, inatoka kwa sababu ukoga, ule utando wa uchafu unaoganda kwenye jino, umekaa pale na fizi imekasirika. Atumie mswaki laini, asikandamize. Akipasafisha vizuri asubuhi na usiku, baada ya wiki moja au mbili damu huwa inakata. Isipokata, mrudishe kwa daktari kabla hajaripoti shule.

Pweza Mkavu | Desemba 29, saa 1:02 asubuhi

Nakaa hapa mbele na mimi, binti yangu anafungwa mwezi ujao.

Tabibu wa Meno | Desemba 29, saa 11:20 jioni

Haya, nimerudi.

Mama Kefa, wazazi wengi mtoto akifungwa waya wanaanza na makatazo. Usile hiki, usitafune kile, umepiga mswaki? Mtoto anajifunza kuogopa mama, na mama asipokuwepo hofu nayo inaondoka. Wako anaenda mahali ambapo hautakuwepo. Kwa hiyo mpe macho ya kuona uchafu mwenyewe. Ukoga una rangi ile ile ya jino, hauonekani, kwa hiyo usimlaumu. Yeye kweli anaamini amesafisha.

Nunua chupa ndogo ya rangi ya chakula nyekundu, ile ya keki. Matone machache kwenye maji kidogo ndani ya kikombe. Apige mswaki kama kawaida yake, bila wewe kusema neno. Kisha mpake mafuta kidogo midomoni isishike rangi, avue shati la maana, asukutue yale maji nusu dakika, ateme, asuuze mara moja. Mpe kioo. Kila palipobaki pekundu ndipo mswaki haukufika. Madaktari wana vidonge maalumu vya kazi hiyo hiyo, lakini rangi ya keki inatosha nyumbani.

Mtakaloliona, nakutabiria: nyekundu itakuwa kwenye ukingo kati ya fizi na kibati, kile kipande kidogo kilichogandishwa kwenye jino kushika waya, na ubavuni mwa magego.

Sasa namna ya kupiga. Asione jino kama kitu kimoja, alione kama nyumba yenye baraza katikati. Kibati ndio baraza. Kuna juu ya baraza, kuna chini ya baraza, na baraza lenyewe. Mswaki aulaze kwa kuinamisha kuelekea kwenye fizi, apite juu ya waya jino kwa jino kwa miduara midogo. Kisha augeuze uelekee upande wa pili, apite chini ya waya. Halafu usoni mwa kibati. Halafu upande wa ndani wa ulimi na juu ya magego kama siku zote. Mtu asiye na waya anaambiwa dakika 2. Huyu akitumia chini ya 4 kuna mahali karuka.

Kisha kuna vile vimswaki vidogo vyembamba vyenye umbo la mti wa Krismasi. Hivyo vinaingizwa chini ya waya kati ya kibati na kibati, juu kwenda chini. Mswaki mkubwa haufiki pale hata ukisali. Famasi kubwa za Dar wanavyo, na kliniki aliyofungiwa hawawezi kukosa.

Dawa ya meno iwe na floraidi. Geuza tyubu usome nyuma, utafute kati ya 1000 na 1500 ppm. Kiasi cha punje ya njegere kinamtosha. Akimaliza ateme povu, asisukutue na maji kikombe kizima, maana anaitoa dawa ambayo ndiyo kinga yenyewe. Hili hata watu wazima wengi hawalijui.

Kwa nini nasisitiza? Chini ya ukoga, bakteria wanakula sukari na kutoa asidi, asidi inanyonya madini ya jino. Kwa mwenye waya, ndani ya mwezi mmoja tu wa uzembe unaweza kuanza kuona weupe kama chaki kuzunguka kibati. Siku ya kutoa waya meno yamenyooka kama askari wa gwaride, lakini kila jino lina fremu nyeupe, kama ukuta uliotolewa picha. Madoa yale mengine hayaondoki. Nimemwona binti akilia mbele ya kioo siku ambayo alipaswa kucheka.

Kuhusu kuzitoa na kurudisha baadaye, naelewa hofu ya baba Kefa, lakini meno yaliyoanza kusogea yakiachiwa bila kushikiliwa yanarudi yalikotoka, na pesa mmeshalipa. Tena kwa umri wake mfupa bado unasikiliza. Ongeeni na daktari wake kwanza.

Mama Kefa | Desemba 30, saa 2:15 usiku

Tabibu Mungu akubariki. Nimefanya leo.

Kapiga mswaki, katoka kifua mbele, "mama leo hata usimulike." Nikampa kikombe. Alipojiangalia kwenye kioo alinyamaza kabisa. Meno ya chini yote yalikuwa na mstari mwekundu juu ya fizi, kama kala ng'ombe mbichi. Mdogo wake wa miaka 9 naye akataka. Wake nyekundu kidogo tu! Hapo ndipo kaka mtu alipoumia. Karudi bafuni mwenyewe, dakika nane nzima, katoka kasema nimpe kikombe tena.

Miezi miwili nasimama mlangoni kama mgambo, sijawahi kuona hiyo.

Mzee wa Tengeru | Desemba 31, saa 12:48 asubuhi

Wanangu hamjambo. Nauliza mimi wa huku Arumeru. Maji yetu yana floraidi nyingi, wajukuu zangu wana meno ya kahawia, na mmoja naye ameshauriwa waya. Tabibu unasema atumie dawa yenye floraidi. Si ndiyo hiyo hiyo iliyotuharibu?

Tabibu wa Meno | Desemba 31, saa 2:10 asubuhi

Shikamoo mzee. Swali zuri sana.

Ile kahawia inaingia wakati jino bado linatengenezwa ndani ya mfupa, utotoni, kwa maji na chakula kinachomezwa miaka mingi. Meno ya mbele ganda lake linakamilika kabla mtoto hajafika miaka 8 hivi. Mtoto wa miaka 12 au 13 ambaye meno hayo yameshaota hawezi kupata kahawia mpya pale kwa dawa ya mswaki anayoitema. Floraidi ya kwenye dawa inafanya kazi juu ya jino, nje. Ya kwenye maji yenu inamezwa, na ndiyo shida. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya kwenu kuanzia Maji ya Chai kuja huku vinapita hapo mbali. Kwa wale wadogo zaidi nyumbani tafuteni maji mengine au ya kuchujwa. Pale Ngurdoto wana kituo kinachochuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na magadi ya kulainishia makande nayo yana floraidi, punguzeni.

Mwambie daktari mapema kwamba mtoto ni wa ukanda huo. Ganda lenye kahawia kibati kinashika kwa taabu zaidi, naye atajua namna ya kuliandaa.

Mzee wa Tengeru | Desemba 31, saa 2:33 asubuhi

Marahaba mwanangu. Magadi! Bibi yenu hapa amekuna kichwa.

Dada wa Likoni | Desemba 31, saa 5:07 asubuhi

Hamjambo Tanzania. Mimi ni wa Mombasa, mwanangu alitolewa waya mwaka jana. Mama Kefa, pole, lakini utazoea.

Wangu alivunja vibati vitatu kwa siku moja. Muhindi wa kuchoma pale feri, ameung'ata kama ng'ombe. Kila kibati kugandishwa tena nalipishwa. Tangu siku hiyo muhindi kwetu ni wa kupukuchua kwa kisu, kisha apelekewe kwenye gego punje mbili tatu. Miwa hiyo ndiyo adui mkubwa, maana watoto wetu humenya kwa meno. Miwa anywe maji yake ya kukamuliwa basi, nayo mara moja moja. Maembe mabichi ya pilipili akatiwe vipande vyembamba. Embe la nyuzi mwache ale siku ana wakati, kwa sababu kutoa zile nyuzi ni kazi ya nusu saa! Mabuyu nayo nilipiga marufuku kabisa: sukari, rangi, na kokwa ngumu, yote matatu katika kitu kimoja.

Jambo jingine ambalo hukuambiwa: manjano. Zile raba ndogo zinazofunga waya kwenye kibati ukichagua nyeupe au za uwazi, biriani moja tu zimekuwa njano kama yai. Chagua rangi iliyokoza.

Chuma cha Reli | Desemba 31, saa 5:30 asubuhi

Rangi iliyokoza ni nyekundu. Tena ifungwe na nyeupe pembeni.

Mama Kefa | Desemba 31, saa 5:44 asubuhi

Kaka Chuma umechelewa. Kijana kashachagua kijani na njano. Baba yake ni Simba wa kufa, siku ile njia nzima kutoka kliniki hakusema na mtu.

Somo wa Ng'ambo | Januari 2, saa 3:19 usiku

Assalaam alaikum. Mie niko Unguja, bintiangu yuko mwaka wa pili na waya. Naongeza la Ramadhani kwa wenye watoto wanaofunga.

Futari yetu mwaijua: tende, kaimati za shira, uji wa sukari. Vitu vyote vya kunata. Halafu mtoto atoka tarawehe, ala tena, alala. Daku anaamka na usingizi, ala, arudi kitandani na chakula mdomoni mpaka adhuhuri, na mchana mate ni machache, mdomo umekauka. Mwaka wa kwanza daktari alimuona baada ya Idi akatikisa kichwa. Mwaka wa pili tukabadilisha: tende inatolewa kokwa na kukatwa, anakula kwa gego, anasukutua maji hapo hapo. Mswaki mkubwa anapiga baada ya chakula cha usiku, na baada ya daku anakaa sebuleni mpaka apige ndipo arudi kulala. Nanyi mnaotumia mswaki wa mti, ni mzuri na ni suna, lakini kwenye waya ncha yake haiingii chini, tena ukisukuma unapinda waya. Autumie kwa ndani upande wa ulimi, nje afuate na wa dukani.

Luku Mstaafu | Januari 3, saa 4:55 usiku

Mama Kefa, mimi ndiye unayemtafuta. Nilisoma bweni na waya, fomu wani mpaka katikati ya fomu tatu. Jina langu shuleni lilikuwa Luku, ile mita ya umeme, kwa sababu ya waya. Mwambie kijana wako ajiandae kwa jina, na siku ya kwanza acheke yeye kabla yao. Jina usilolikasirikia halina nguvu.

Sasa nikueleze maisha yenyewe, maana Tabibu kaeleza meno, hajaeleza bweni.

Foleni ya bomba asubuhi hakuna mtu atakusubiri dakika 4. Mimi nilikuwa na chupa ya maji ya lita moja na nusu, naijaza jioni, naificha chini ya kitanda. Asubuhi napiga mswaki nyuma ya bweni na kikombe changu. Mswaki mkuu ulikuwa wa usiku baada ya prepu, wenzangu wakiwa wanapiga stori, nimekaa kitandani na kioo kidogo na tochi. Kioo uhakikishe ni cha plastiki, cha glasi hakimalizi wiki. Asubuhi ukishindwa yote, usiku usishindwe. Na baada ya chakula cha mchana, kama mswaki hauwezekani, funda tatu za maji kwa kuzisukuma kwa nguvu kati ya meno. Inatoa robo tatu ya mchicha.

Makande. Hapa wazazi mnaogopa bure, makande yaliyoiva hayavunji kitu. Tatizo ni yale ya Jumatatu ambayo mpishi kayawahisha. Nilikuwa nakula maharage yote kwanza, mahindi nayabonyeza na kijiko, likibonyea linaliwa, lisipobonyea nampa jirani. Nilipendwa sana mezani.

Vilivyonivunjia mimi vibati ni vya kwenye tranka: karanga za kukaanga, ubuyu, kashata, na barafu ya kutafuna siku za kutembelewa. Na bisi, ile ganda ya bisi ikiingia kati ya waya na fizi unaweza kulia usiku. Mtilie ndizi, mkate laini, siagi ya karanga ile laini isiyo na punje. Sukari usimtilie kilo mbili. Si kwamba sukari ni haramu, ni kwamba atakuwa anachovya kidole siku nzima.

Dawa ya meno mtilie tyubu tatu, maana mbili zitaisha kwa "nipakie kidogo." Miswaki minne, wa kubadilisha na wa kuibiwa. Mswaki uwe na kifuniko chenye matundu, usiuviringishe kwenye soksi ukiwa umelowa. Nta nyingi. Chumvi ndogo kwenye kopo.

Na kubwa kuliko yote: barua ya daktari kwa matroni, aseme tarehe za kukazwa. Bila hiyo ruhusa utaambiwa unatoroka.

Pweza Mkavu | Januari 4, saa 1:30 asubuhi

Nta ndiyo nini jamani, ya mshumaa?

Luku Mstaafu | Januari 4, saa 6:12 mchana

Hapana mkuu, si ya mshumaa. Ni nta laini inauzwa kwenye kiboksi kidogo, kliniki wanakupa. Waya au kibati kikikukwaruza shavu, unakata kipande kama punje ndogo ya njegere, unakikausha kibati na karatasi, unaikanda kwa vidole mpaka iwe ya moto, unaibandika juu. Kwenye kula unaitoa. Kama waya wa nyuma umechomoza na huna nta, shika penseli mpya yenye kifutio safi, kwa upole uusukume ulale kwenye jino. Usiukate na kiwembe. Rafiki yangu alikata, nusu ya waya akaimeza.

Kijana wa Keko | Januari 4, saa 6:40 mchana

Na kibati kikibanduka, supa glu si inashika?

Tabibu wa Meno | Januari 4, saa 7:01 mchana

Keko, nakuomba.

Gundi ile haitengenezwi kwa kuingia mdomoni, inaunguza, na kibati kikigandishwa milimita chache pembeni, jino litavutwa kwenda kusikotakiwa. Kibati kikibanduka kikabaki kwenye waya, kiacheni hapo, mwekee nta, mpigieni daktari. Kikitoka kabisa, kihifadhiwe kwenye kibahasha. Haihitaji ambulensi, lakini isikae mwezi.

Kuhusu wiki 6: mama Kefa, usipange mwenyewe. Mwambie daktari kalenda ya shule, midtamu lini, likizo lini. Waya za mwanzo nyingi zinavumilia wiki 8 bila madhara. Au anaweza kumwandikia mwenzake wa Morogoro. Asichokubali daktari ni mtoto kupotea mihula miwili halafu aje na vibati vinne vimebanduka. Na kama atacheza mpira, muulize kinga ya mpira ya mdomoni inayofaa mwenye waya. Akikazwa siku mbili tatu za kwanza meno yanauma, panadoli kwa kipimo cha umri wake, uji, mtori. Kijiko cha chai nusu cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, asukutue, vidonda vya shavu vinatulia.

Mama Kefa | Januari 11, saa 3:03 usiku

Tumemripotisha leo wakuu. Nimemkabidhi matroni barua, na daktari amekubali wiki 8 ili iangukie midtamu. Tranka ina kioo cha plastiki, tyubu tatu, miswaki minne (mmoja nimeufunga ndani ya shuka asiujue), vimswaki vya mti wa Krismasi viboksi viwili, nta, chumvi, na chupa ya rangi nyekundu ya keki. Hiyo ya rangi kaiomba mwenyewe. Fizi ziliacha kutoa damu siku ya tisa.

Baba yake kamwambia getini, "Yanga wako akutunze." Nimelia kuanzia Mikese mpaka Chalinze.

Dada wa Likoni | Januari 12, saa 12:20 asubuhi

Pole mama. Nami nililia, na wangu alikuwa anaenda dei tu.

Mama Kefa | Februari 19, saa 4:18 usiku

Matroni kapiga simu leo moyo ukanipasuka. Kumbe ni Kefa kaomba simu aniulize kama nta inaweza kukaa na jua, maana kiboksi kilikuwa dirishani imeyeyuka. Ndiyo hilo tu. Nimemwambia aikande upya, aiweke tranka.

Mama Kefa | Machi 14, saa 2:44 usiku

Mrejesho kama nilivyoahidi. Kaja midtamu, leo tulikuwa kwa daktari.

Kibati kimoja cha gego la chini hakipo. Nilishaandaa hotuba ya makande. Akakiri mwenyewe kwamba ni kifuniko cha peni, alikuwa anakitafuna kwenye jaribio la hesabu. Doa jeupe limeonekana moja, chonge ile ile iliyokuwa juu, kwa sababu imeshuka na kibati chake kilikuwa karibu sana na fizi, mswaki haupiti vizuri. Daktari kamwonyesha auinamishe mswaki zaidi, kampaka floraidi, kasema likiwahiwa hivi linaweza kufifia. Kwingine kote kasema safi. Kaweka waya mnene zaidi kidogo, na kuanzia sasa ana raba za kuvuta kutoka juu kwenda chini, azivae mchana na usiku, atoe kwenye kula na mswaki tu, abadilishe kila siku. Nikaanza kuuliza, "utakumbuka kweli?" Daktari akanikata, akamgeukia yeye.

Nilivyomuuliza njiani anawezaje na foleni ya bomba, akasema wako wanne sasa. Wawili hawana hata waya. Jumapili baada ya kufua wanasukutua rangi nyuma ya bweni, mwenye nyekundu nyingi anamfulia mwenzake shati la shule. Kefa hajafua shati la mtu tangu Februari.

Rangi imeisha. Anataka chupa mbili.

Tabibu wa Meno | Machi 14, saa 3:05 usiku

Hii ya mashati naiiba, kesho naipeleka kliniki.

Mzee wa Tengeru | Machi 15, saa 12:30 asubuhi

Mjukuu wangu anafungwa Jumanne. Kachagua nyekundu na nyeupe, Chuma cha Reli furahi.

Kijana wa Keko | Machi 15, saa 4:11 asubuhi

Hiyo rangi ya keki ni shilingi ngapi, na inapatikana Keko?